Sponji ya Noelene Tully

Watu wa Gunnabri, mji wetu mdogo wa wakulima wa ngano, watakufa na tai shingoni, wote, na kwenye mazishi yao itasemwa kwamba hawakulalamika. Hiyo ndiyo sifa kubwa huku kwetu. Siyo kwamba marehemu alikuwa na akili, wala kwamba alikuwa mwema. Hakulalamika. Ukame ukimaliza ngano, wanasema mwaka wa kesho utakuwa bora. Mashine ya kuvunia imkate mtu vidole, atakwambia bahati nzuri ulikuwa mkono wa kushoto. Na bingwa wao, mshindi wao wa miaka yote, ni mama yangu.

Mama anaitwa Noelene Tully na ana faibromaialjia. Usijisumbue kulitamka, hata daktari wetu hulitamka akiangalia pembeni. Ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Leo mabega, kesho nyonga, kesho kutwa ngozi yenyewe, mpaka shuka linakuwa adui. Analala usiku kucha na anaamka amechoka kama aliyebeba magunia. Kichwa kinajaa ukungu, anasahau jina la mbwa. Kwenye eksirei hauonekani, kwenye damu hauonekani, kwa hiyo kwa watu wa ofisini haupo.

Alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka mikono ikakataa kushika shuka lililolowa. Baada ya hapo serikali ikamweka kwenye ile pesa ya wasio na kazi. Hiyo wanakupa, lakini kila baada ya wiki mbili uonyeshe umeomba kazi. Mwanamke asiyeweza kufungua chupa ya jemu anaambiwa aombe kazi ya machinjioni. Akikosa kuomba, wanakata. Wakikata, kodi ya nyumba hailipwi, maana mimi nafunga matairi kwa Doug na Doug analipa kama anatoa sadaka. Dawa ilikuwa moja tu: pensheni ya ulemavu. Hiyo ukiipata, hakuna tena mambo ya kuomba kazi.

Tulianza na kitu kidogo kwanza, kibali cha kuegesha kwenye nafasi za walemavu, ile kadi ya bluu ya kuweka kwenye kioo cha gari. Nikampeleka ofisini. Binti wa kaunta akamuuliza, bila hata kuinua macho, "Gari mmeacha wapi?"

"Kule benki, kipenzi," Mama akasema. "Si mbali."

"Umetembea mwenyewe?"

"Nimetembea. Kuna hewa nzuri leo."

Kuna hewa nzuri leo! Binti akaandika kitu. Kadi hatukupewa. Mama alipofika nyumbani alilala kwenye zulia la koridoni kwa sababu chumbani palikuwa mbali, na akaniomba nimruke nikienda jikoni.

Kisha ikaja simu ya pensheni. Mtu wa tathmini, sauti laini kama ya kuuza bima. Mama aliiweka spika, sakafuni alipokuwa amelala, mimi nilikuwa mezani nakula.

"Leo unajisikiaje, Noelene?"

"Siyo mbaya. Wewe je?"

"Mimi mzima, asante. Kazi za nyumbani unaziweza?"

"Najimudu."

"Na maumivu yakoje?"

"Aa, wapo wenye hali mbaya zaidi."

Nilimpungia mikono kama mtu anayezuia lori. Akanigeuzia mgongo. Jibu lilipokuja lilikuwa na maneno yake mwenyewe: mwombaji anasema hali yake siyo mbaya, mwombaji anajimudu. Wamekataa. Hawakusema uongo. Hicho ndicho kilichonichoma.

Tukakata rufaa kwenye baraza. Wakatuambia tulete barua za watu wanaomfahamu Mama, waeleze maisha yake yalivyo. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa upendo. Ukitaka kuujua ujinga wa Gunnabri mpaka mwisho wake, usiwaombe ubaya. Waombe msaada.

Merle Haddrick ndiye mwenyekiti wa kamati ya akina mama wa ukumbi wa mji. Mrefu, ana magoti kama ngamia na sauti ya kuitia kondoo. Aliwakusanya kamati nzima waandike, kisha akaja jikoni kwetu kutusomea ya kwake. Akavaa miwani. Akakohoa.

"'Namfahamu Noelene tangu tukiwa wasichana. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Ni mchapakazi. Pamoja na vijishida vyake vya kiafya, haujapita mwezi bila kuleta ukumbini keki yake maarufu ya sponji, na mwaka jana sponji hiyo ilichukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya.'"

Akaweka karatasi mezani kama anaweka shada la maua.

"Bi Haddrick," nikasema, "hapo mnamwombea pensheni au mnamwombea kazi?"

"Wewe Rhys, hujui mambo haya. Lazima wajue ni mtu wa heshima. Hawawezi kumpa pensheni mtu mvivu."

"Hawatafuti mtu wa heshima. Wanatafuta mgonjwa."

"Noelene, huyu mwanao ulimtoa shule mapema mno."

"Alijitoa mwenyewe," Mama akasema. "Asante, Merle. Umejisumbua sana."

Merle akasema barua zote ameshazituma, hii ni nakala, na yeye mwenyewe atakuja siku ya baraza awe shahidi. Alipotoka Mama alikuwa mweupe kama ukuta.

Maana sponji ni ya dukani.

Ngoja nikueleze, kama hujakaa huku. Kukiwa na shughuli ukumbini, kila mwanamke anakuja na sahani ya kitu alichopika mwenyewe. Kuja mikono mitupu ni aibu. Kuja na keki ya dukani ni afadhali uje uchi, angalau watu watadhani umepatwa na wazimu. Na sponji ya Mama ilikuwa habari nyingine, kweli kabisa, nilikua nikiila. Lakini mikono ilikataa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mpaka Carrow, ambako hawatujui, nikanunua sponji ya supamaketi. Mama anaitoa kwenye boksi lake la plastiki, anaikwaruza kingo kwa uma isionekane imenyooka sana, anachekecha sukari juu, anamwaga pasheni, anaiweka kwenye sahani ya bibi yangu. Boksi nalichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba. Tumefanya hivyo muda mrefu kuliko wezi wengi wanavyodumu kazini.

Na maonyesho? Hakujiandikisha. Merle ndiye aliyemwandikisha, bila kumwambia, ili amshangaze, kisha akaja kutupongeza. Mama angesema nini? Nikaenda Carrow. Mwamuzi aliyetoka mbali akaionja, akafumba macho, akasema huu ni mkono wa mtu aliyezaliwa nao. Wa pili akawa Merle Haddrick.

Kabla ya siku ya baraza nilijaribu kumfundisha. Nilikaa upande wa pili wa meza nikajifanya mkubwa wa baraza.

"Unajisikiaje, Noelene?"

"Siyo mbaya."

"Mama!"

"Sasa unataka nisemeje? Nianze kupiga kelele mbele za watu nisiowajua?"

"Ndiyo! Hata machozi kidogo."

"Bora wakate pesa."

"Watakata pesa. Halafu tutakaa wapi? Ukumbini, chini ya picha ya Merle?"

Akacheka. Halafu akashika pembe ya meza akanyamaza mpaka kilichompata kikapita.

"Na sponji?" nikasema. "Wakiuliza?"

"Rhys. Ukilitamka neno hilo kule, usirudi kwenye nyumba hii. Nimekaa mji huu maisha yangu yote. Nitatembea barabarani vipi?"

"Hutembei, Mama. Hilo ndilo tunalokwenda kuwaambia."

Siku yenyewe nikawaendesha wote wawili, Mama na Merle, mpaka mji mkubwa. Njia ndefu, silo za ngano na kunguru tu, na Merle anaongea kuhusu mabomba ya ukumbi. Mbele ya jengo palikuwa na nafasi mbili za walemavu, tupu kabisa, safi, zimepakwa rangi ya bluu juzi. Kadi hatuna. Nikazunguka mpaka nikapata nafasi huko chini ya kilima, karibu na uwanja wa raga. Mama alikuwa amepaka rangi ya mdomo na kuvaa viatu vyake vya kanisani. Akapanda kile kilima akimsikiliza Merle na kusema "kweli kabisa, Merle" kila baada ya hatua chache. Kwa nyuma niliona shingo yake inatetemeka.

Chumbani kulikuwa na watu wawili. Mwenyekiti, Bi Vukovic, mwanamke wa makamo mwenye uso wa mtu aliyesikiliza vilio kabla ya chai ya asubuhi. Na Dokta Lim, mwembamba, kimya, anachezea kalamu. Mezani jagi la maji. Mama alikuwa na kiu, nilijua, lakini lile jagi asingeliweza, kwa hiyo alipokaribishwa akasema haoni kiu.

"Noelene, umefikaje leo? Safari ilikuwaje?"

"Nzuri tu. Haikuwa mbaya."

Nikaangalia dari.

Wakauliza habari ya kulala, ya kukaa, ya dawa. Kila walichouliza Mama alikipunguza. Halali vizuri, lakini nani analala vizuri siku hizi. Mikono inauma, lakini ni baridi. Bi Vukovic alikuwa anaandika na kila neno naliona linatuchimbia shimo. Kisha Dokta Lim akafunua barua.

"Barua hizi zote zinataja keki," akasema. "Sponji. Kila mwezi. Naomba nielewe, Noelene, keki hii inatengenezwaje?"

Kabla Mama hajafungua mdomo, Merle akajivuta mbele.

"Mayai ya bata, daktari! Na yapigwe kwa mkono. Siyo mashine. Wengine siku hizi wanatumia mashine, lakini Noelene hapana, hajawahi."

"Kwa mkono. Kwa muda gani?"

"Mpaka yasimame. Mpaka bega liite mama yake. Mimi mwenyewe napumzika katikati, lakini huyu hapumziki. Kisha unga unauchekecha mara tatu, ukiwa umeuinua juu, hivi." Akainua mikono yake mirefu kuwaonyesha.

Alikuwa anang'aa kwa fahari. Nakuapia, alidhani anamwokoa.

Dokta Lim akamwangalia Bi Vukovic. Bi Vukovic akaweka kalamu chini.

"Ni hivyo, Noelene? Unaipiga kwa mkono?"

Mama akaniangalia. Nikauma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Alinikataza, hakunikataza? Na nyumba ni yake. Hata Merle akashusha mikono.

"Basi nadhani tumepata picha," Bi Vukovic akasema, akafunga faili.

"Ni ya dukani," Mama akasema.

"Samahani?"

"Sponji. Ni ya dukani. Ya supamaketi ya Carrow."

Merle akageuka polepole, kama mnara wa maji unaotaka kuanguka. "Nini ya dukani?"

"Yote, Merle. Tangu mikono ilipokufa. Rhys ananinunulia."

"Ya Krismasi?"

"Ya dukani."

"Ya mazishi ya Clarrie? Watu walilia wakiila ile!"

"Walikuwa wanamlilia Clarrie." Mama akamgeukia Dokta Lim. Mashavu yalikuwa mekundu kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa anaiba. "Nilijaribu, daktari. Mara ya mwisho kujaribu bakuli lilinitoka, mayai yakamwagika sakafuni, nikateleza nikakaa humo humo. Sikuweza kuinuka. Nilikaa kwenye mayai mpaka mwanangu aliporudi kazini. Samahani. Nilipaswa kuwaambia akina mama. Nilidhani itapita."

"Na asubuhi ya leo?" daktari akauliza, taratibu. "Umejiandaa mwenyewe?"

"Nimejitahidi."

"Noelene. Nywele hizo amekuchana nani?"

Akaangalia mapajani. "Rhys."

Masikio yangu yakawaka moto. Mwanaume mzima, mikono ina grisi ya Doug, na sasa Merle Haddrick anajua kwamba namchana mamangu nywele. Sawa. Na ajue.

Basi yakaanza kutoka. Siyo kwa kulia, Mama hajui kulia. Yalitoka kama kuomba radhi, moja baada ya jingine. Samahani, soksi anavalishwa. Samahani, anaoga akiwa amekaa chini ya bomba kwa sababu kusimama kunamshinda, na kuna siku haogi, samahani. Chai anaiacha ipoe maana kikombe cha moto kina uzito zaidi, ajabu lakini ndivyo anavyohisi. Ile simu ya tathmini, alikuwa amelala sakafuni akijibu. Akasahau neno katikati, akalitafuta, hakulipata, akasema samahani tena. Bi Vukovic alikuwa amefungua faili na kalamu inakimbia.

"Na ya maonyesho?" Merle akauliza.

Bi Vukovic akafunua ukurasa mpya.

"Noelene. Ile ya maonyesho."

"Nayo, Merle."

"Ile iliyonishinda mimi?"

"Bi Haddrick, tafadhali," Bi Vukovic akasema.

"Nilikuwa wa pili! Nimepiga mayai tangu alfajiri, nimekuwa wa pili kwa keki ya supamaketi!"

"Bi Haddrick, ukiendelea utasubiri nje."

Dokta Lim alikuwa ameinamia karatasi zake na mabega yanamtikisika. Nilimpenda kuanzia hapo.

Wakatuacha, wakarudi. Bi Vukovic akasema watatupa jibu hapo hapo, maandishi yatafuata kwa posta. Pensheni amepata. Alieleza sababu kwa lugha yao ile ya mzunguko, hali imetibiwa kwa kadiri inavyotibika, na kadhalika, lakini mimi nilisikia neno moja tu. Kisha akainua lile fungu la barua za kamati kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kabatini.

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi," akasema. "Sijawahi kuona barua za msaada zilizokaribia kiasi hiki kumzamisha mtu."

"Tulikuwa tunamsifu," Merle akasema.

"Nimeona."

"Na kibali cha kuegesha?" nikauliza.

"Hicho siyo chetu. Arudi kwa daktari wake, amwambie aliyotuambia sisi. Yote. Bila 'siyo mbaya', bila 'wapo wenye hali mbaya zaidi'."

Mama asingeshuka kile kilima. Sasa hata hakujifanya. Alikaa kwenye ngazi za jengo, viatu vya kanisani amevivua. Nikakimbia nikaleta gari, nikaliingiza kwenye ile nafasi ya bluu, katikati kabisa. Sijazima hata injini, akatokea askari wa maegesho, kijana wa umri wangu, kofia mpya, ndevu za kubahatisha.

"Kaka, kadi iko wapi?"

"Hatuna. Nampakia mama tu."

"Bila kadi huruhusiwi. Anaonekana mzima."

Nilitaka kumwambia anavyoonekana yeye. Mama akanitangulia.

"Kijana, njoo hapa. Njoo. Usisimame kama mlingoti, nishike mkono. Siyo hapo, hapo panauma. Hapo pia. Shika kiwiko. Mimi naonekana mzima kwa sababu nimepaka rangi ya mdomo, na nimeipaka kwa ajili ya watu kama wewe. Mguu wa kulia unawaka moto. Wa kushoto sijui hata kama upo. Sasa niinue. Polepole, mimi siyo gunia la viazi!"

Akamwinua. Uso ulimwiva kama nyanya. Akamshusha kwenye kiti cha mbele taratibu, akamwingizia miguu ndani, akamfungia mkanda, akasema, "Pole, mama." Kisha akaandika faini, akaibana kwenye kioo. Watu wa namna hiyo ndio wanaoajiriwa.

Merle akaingia nyuma ya Mama, akabamiza mlango.

Tukatoka mjini. Silo, kunguru, silo. Sikuwasha redio. Nilitaka kumsikia Merle akinyamaza, maana ni kitu ambacho hakuna aliye hai amewahi kukisikia. Tulikuwa tumefika njia ya Carrow aliposhindwa.

"Itabidi niwaambie kamati, Noelene."

"Waambie."

"Na waamuzi wa maonyesho. Ule utepe wa ushindi unapaswa kurudi."

"Uko kwenye droo. Rhys atauleta."

"Watu watasema."

"Najua, Merle. Waache waseme."

"Mimi singeweza kuonyesha uso wangu. Ningekaa kimya nife. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Noelene, mimi na wewe."

Mama akapapasa ubavuni mwa kiti chake mpaka akapata kile kishikio, akakivuta, akalaza kiti nyuma mpaka kikafika mwisho, na mwisho wake ulikuwa yale magoti ya ngamia. Akafumba macho.

"Noelene! Magoti yangu yanauma!"

"Yangu pia, Merle," Mama akasema.